Rafiki wa Staringi

Mwamba wa kwanza ulipodondoka kutoka angani juu ya jiji la Mwanza, ukumbi mzima uliinua mikono kukinga vichwa. Hakukuwa na mwamba. Kulikuwa na nuru tu, iliyosukwa hewani na mitambo ya darini hadi ikaonekana kuwa na uzito, na upepo wa moto uliopulizwa kutoka chini ya viti. Hayo yalikuwa ya kawaida. Kila ukumbi mkubwa ulikuwa nayo. Kilichowafanya wanaume wazima wajikunyate, na mama mmoja wa kitenge amng'ang'anie jirani asiyemjua, ni utepe mwembamba uliofungwa kwenye paji la uso la kila mtazamaji. Utepe huo haukuonyesha kitu. Ulimimina hofu.

Mhandisi Limi Ng'wandu alisimama karibu na mlango, akitazama watu badala ya sinema. Yeye ndiye aliyebuni mashine iliyonasa hofu ile. Aliiita kinasahofu, kwa mfano wa kinasasauti cha zamani, na jina likashika. Kabla yake, watengeneza sinema walijaribu kuitunga hofu kwa kompyuta, wakaambulia muwasho: watazamaji walijikuna mikono basi. Akili bandia iliweza kuchora mji unaoungua mpaka majivu yakae kwenye nyusi. Iliweza kumpa staringi sura ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuizaa. Lakini haikuwa na kitu cha kupoteza, na asiye na cha kupoteza haogopi.

Kwa hiyo ilibidi apatikane mtu. Mtu huyo alivalishwa kofia ya kinasahofu, akazamishwa, akakimbizwa, akaning'inizwa, na kilichopita kichwani mwake kikahifadhiwa ili wamiminiwe wengine. Kazi hiyo iliitwa ubeba-hofu. Mbeba-hofu wa sinema hii, aliyekaa mahali pa staringi, alikuwa Shija, fundi bomba wa zamani, mume wa Nkamba. Nkamba alikuwa mdogo wake Limi, tumbo moja.

Sinema yenyewe iliitwa *Mwamba Unaanguka*, na ilipangwa kutoka likizo ya Juni, kiangazi kinapoanza na shule zinapofungwa, wakati kila mzazi anatafuta pa kuwapeleka watoto kabla hawajamvunjia nyumba. Jioni hiyo ilikuwa ya majaribio. Watazamaji walikuwa watu wa kawaida waliookotwa mitaani, na mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Treni za mawinguni ziligongana, watu wakapiga kelele. Ziwa lilichemka, mzee mmoja akavua koti. Halafu ukafika mwisho.

Mwishoni, staringi, Kamanda Tunzo, ananing'inia kwenye kulabu ya winchi-anga, ile mashine ya kuruka inayonyanyua majengo, na chini yake jiji lote ni moto. Juu ya paa la winchi yuko rafiki yake, Sajini Magoti, anavuta kamba. Hapo ndipo hofu ilipaswa kufika kileleni. Badala yake mama wa kitenge alimwachia jirani, akamwomba radhi, akaanza kutafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. Mifuko ya bisi ikafunguliwa upya. Kijana mmoja alipiga miayo akasema kwa sauti, "Staringi hafi, bwana," na ukumbi ukacheka. Taa zilipowashwa nusu ya watu walikuwa wameshasimama.

Limi alitazama kibao chake. Mstari wa hofu, uliopanda na kushuka kama milima sinema nzima, ulikuwa umelala chali.

Mwongozaji wa sinema, Bwana Kiyungi, alimwita chumba cha uhariri. Alikuwa mtu mdogo, mpole wa sauti, asiyewahi kumfokea mtu, na wafanyakazi walimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Alimwambia Limi kwamba wameangusha jiji zima, jiwe kwa jiwe, na mwisho wa yote watu wanatafuta viatu. Limi alijitetea. Mashine haikuwa na kosa. Kinasahofu hunasa kilichopo, na pale hakikuwapo. Shija hakuogopa.

"Basi mwogopeshe," Kiyungi alisema.

"Nimemwogopesha kwa kila kitu kinachoruhusiwa."

"Sikukuuliza kinachoruhusiwa."

Alichokuwa anakigusa hapo kilikuwa kanuni ya kwanza ya kazi, na Limi ndiye aliyeiandika. Kinasahofu hakikunasa tu, kilichimba. Ili kuisoma njia ya hofu kwenye ubongo, ilikibidi kuipita tena na tena, kama kidole kinachofuata mstari kwenye mchanga, na kadiri kinavyoufuata ndivyo mstari unavyozama. Kwa hofu ndogo hakukuwa na madhara. Lakini kwenye kilele, chochote ambacho mtu alikiamini wakati ule kilibaki kimechongeka. Kwa hiyo mbeba-hofu aliruhusiwa kuzungushwa, kutikiswa na kutishwa, ila haikuruhusiwa kumwambia uongo akiwa juu. Na kabla ya kila kunaswa, mhandisi alitakiwa kumwambia sikioni kwamba atashuka salama, na iwe kweli.

Limi alikuwa amemwona binti mmoja aliyevunjiwa kanuni hiyo na fundi mpenda mzaha, kwenye studio nyingine iliyoiga mashine yake. Aliambiwa kuna moto mgongoni kwake. Hakukuwa na moto. Binti yule alikuwa analala nje tangu hapo, mvua ikinyesha, jua likiwaka, na kila baada ya muda mfupi anageuka kutazama mgongo wake. Madaktari walikuwa wameshasema kovu la kilele haling'oki.

Ndiyo maana Nkamba hakutaka mumewe aingie kazini kule. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alipokubali alikubali kwa sharti. Alimjia Limi nyumbani, akakataa chai, akasema akiwa amesimama, "Mume nimekuazima, dada. Kitu cha kuazima hurudishwa kilivyo." Limi aliapa kwa jina la mama yao. Nkamba akaondoka bila kuaga, kwa sababu kiapo kilikuwa kimeshamaliza mazungumzo.

Wakarudia ule mwisho. Wakampandisha Shija juu zaidi, ndani ya jengo refu la studio lililojengwa kama kisima kilichogeuzwa. Mitambo ikasuka moto chini yake. Wakaondoa wavu. Wakalegeza kamba kwa ghafla, akashuka kama jiwe, ikamdaka. Mstari ulishtuka kidogo ukalala tena. Juu kule Shija alikuwa anaimba.

"Shemeji," alisema kwenye kipaza sauti, "nishushe nikojoe, halafu unitishe vizuri."

Wakati wa mapumziko alikaa kwenye sanduku la vifaa na kofia yake kichwani, akila michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa aliyofungiwa na mkewe, akamkaribisha Limi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kicheko chake kilianza kabla ya mzaha wenyewe. Alimwonea huruma Limi waziwazi.

"Shemeji, mnajisumbua. Kwenye hii sinema mimi ni nani?"

"Staringi."

"Sasa staringi anakufaje?"

Limi alicheka, lakini Shija hakuwa anatania kama alivyodhani. Alimweleza. Alikulia Igoma, na Igoma hadi leo kulikuwa na vibanda umiza, vile vibanda vya mabati ambako watu wasiofika kumbi za nuru hubanana kwenye mabenchi mbele ya kioo bapa cha zamani, na mtafsiri anakaa pembeni na kipaza sauti akiwaeleza kwa Kiswahili chake mwenyewe kinachoendelea. Shija aliziona mle sinema zote za utoto wake. Mtafsiri wao hakujua lugha hata moja ya hizo sinema, lakini hakukosea kamwe, kwa sababu alizijua sheria. Adui hufa mara mbili, maana mara ya kwanza anajifanya. Mzee mwenye busara hafiki katikati. Staringi hafi. Watamchoma, watamzika, watamrusha kwenye korongo, watu wazima watatoka nje kuvuta sigara, na akirudi mtu anauliza tu staringi ameshatokea wapi.

"Na wa kufa ni nani?" Limi aliuliza.

"Rafiki wa staringi." Shija alijibu mdomo umejaa. "Huyo hana bahati. Akitoa tu picha ya mchumba wake mfukoni amwonyeshe mwenzake, kwisha habari. Akimwambia mwanawe baba atarudi Jumamosi, mchimbieni kabisa. Kibanda kizima tulikuwa tunamwambia, wewe, rudisha hiyo picha! Hasikii."

Alicheka mpaka akapaliwa. Limi alimpiga mgongoni. Alikuwa ameacha kucheka kitambo.

Shija akaongeza, akijifuta mdomo, kwamba hata kama yeye si staringi wa kweli, kamba kaishika shemeji yake. "Ukiniangusha, yule mdogo wako nani atamvumilia?"

Kuna watu hufanya ubaya kwa sababu wamelazimishwa, na kuna wanaoufanya kwa sababu wamepata jibu. Limi alikuwa wa kundi la pili. Kiyungi hakumtishia kazi wala hakumwahidi cheo. Alimwambia tu, kwa upole, kwamba labda kinasahofu ni kifaa cha vishindo vidogovidogo, na kwamba kwa sinema ijayo watarudi kwenye kompyuta. Limi alirudi kwenye meza yake ya mitambo na maneno hayo kichwani. Alijua amebakiwa na njia moja, na alijua ni njia gani.

Walimpandisha Shija asubuhi. Moto ukasukwa. Limi aliwaomba mafundi wengine watoke, akavuta kipaza sauti karibu.

"Shemeji, wamebadilisha hadithi."

"Afadhali. Huo mwisho wenu ulikuwa hauna chumvi."

"Wewe siyo Kamanda tena. Kamanda yuko juu ya paa, ndiye ameshika kamba. Sura uliyopewa sasa ni nyingine."

"Mimi ni nani?"

"Sajini Magoti."

Alimwona kwenye kioo akiangalia juu, kwenye giza la paa, kisha chini. Kofia yake ilikuwa inawaka taa ya kijani, ikisoma. Shija akasema, na sauti yake ilikuwa bado na tabasamu ndani yake, "Shemeji, unanitania."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Kati ya shemeji na shemeji hakuna neno lisilosameheka likiitwa utani. Mtu angeweza kumzulia mwenzake hata msiba wake mwenyewe wakacheka. Limi angesema ndiyo, nakutania, na mambo yangeishia hapo.

"Sitanii," alisema. "Na leo sikuambii kwamba utashuka."

Mstari ulianza kupanda. Haukuruka, ulipanda kwa utaratibu, kama maji kwenye ndoo, ukapita hofu ya mwamba, ukapita hofu ya ziwa, ukapita mahali ambapo Limi alikuwa ameweka alama ya juu kabisa siku anaibuni mashine. Juu kule Shija hakupiga kelele. Alishika kamba kwa mikono miwili akaanza kuongea, haraka haraka, kwa Kisukuma, akimwambia mtu asiyekuwapo kwamba hana picha, hakubeba picha ya mtu yeyote, wampekue wataona. Limi alimwacha. Alikuwa ameshapata alichokitaka, lakini alimwacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mstari ulikuwa mzuri.

Alipomshusha alimkimbilia mwenyewe, akamvua kofia, akamwambia hapohapo kwamba ulikuwa uongo. Hadithi haijabadilishwa. Staringi ni yeye. Atarudi nyumbani, atakula, ataishi azeeke.

Shija alimtazama kwa heshima, kama mtu anayetazama nesi.

"Ndivyo huwa wanamwambia," alisema.

Nyumbani alianza na picha. Aliiteremsha ya harusi kutoka ukutani, akakusanya za mtoto, akazifunga kwenye mfuko na kuzitupa kwenye shimo la taka. Nkamba alipozifuata alimshika mkono, akamwomba kwa machozi aziache. Hakuahidi tena kitu. Mwanawe wa kike, Kwandu, alimuuliza kama watakwenda kuogelea Jumapili, naye akatoka chumbani bila kujibu, akaenda kukaa bafuni. Kwenye mlango hakuaga wala hakukubali kuagwa. Mtu akimwambia "tutaonana kesho" aliganda. Barabarani, akitokea mwanamume mrefu mwenye mabega mapana akaenda sambamba naye, Shija alivuka upande wa pili hata magari yakija, kwa sababu mwanamume wa namna hiyo ni staringi, na aliye karibu naye ndiye wa kufa. Mtaani walimcheka. Ilichekesha kweli, kwa anayetazama kwa mbali.

Alimweleza mkewe kila kitu bila kuficha wala kulaumu. Alikuwa amepangiwa, alisema, na shemeji alimjulisha tu. Nkamba akampigia Limi simu.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ukijua."

Nkamba hakupiga kelele. Alikata simu, akaenda kumpikia mumewe uji, maana ugali ulikuwa haumpiti tena.

Sinema ikaonyeshwa mara ya pili kwa majaribio, sasa na mwisho mpya: Sajini Magoti kwenye kulabu, Kamanda Tunzo juu ya paa, na kamba inateleza. Limi alisimama palepale karibu na mlango. Ilipofika sehemu ile hakuna aliyetafuta viatu. Hakuna aliyepiga kelele pia. Watu walifungua pochi zao gizani wakatoa vitambulisho na picha, wakazitupa sakafuni, bila kujua kwa nini wanafanya hivyo. Baba mmoja alikuwa anataja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, akirudia. Mwanamke aliyekaa safu ya mbele aling'oa utepe, akakimbia mpaka nje barabarani, na alipofika barabarani akakumbuka kwamba amemwacha mtoto wake wa miaka mitano kwenye kiti. Alirudi kumchukua. Hakumtazama mtu usoni.

Limi alikuwa anatetemeka, na sehemu ya mtetemeko huo ilikuwa fahari. Hakuna mashine iliyowahi kufanya vile.

Kiyungi aliukunja mkono wa shati lake taratibu. Akasema, "Rudisha ule mwisho wa kwanza."

Limi alidhani hakusikia. "Ule dhaifu?"

"Hii ni sinema ya likizo, Mhandisi. Mtu anataka atoke hapa akanunue chipsi. Mwisho dhaifu haujawahi kumfanya mama amwache mtoto ukumbini." Alifikiri kidogo. "Huu mpya tuuhifadhi. Huenda ukafaa kwa kitu kingine siku nyingine. Mpe yule bwana shukrani zangu."

Akatoka kwenda kula. Limi alibaki chumba cha uhariri na vipande viwili vya Shija mbele yake, akakata kimoja, akaunga kingine, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwapo. Ilikuwa wakati wa kuunga ndipo alipoukuza ule mstari uliolala. Siku ya kwanza aliutazama kwa haraka akaandika kwamba hakuna kitu. Sasa aliona si kweli. Mstari haukuwa mtupu. Ulikuwa na kitu chembamba, kisichotikisika, kilichokwenda moja kwa moja kutoka mwanzo wa tukio hadi mwisho. Alikichunguza kwa ujuzi wake wote, na mwisho akakubali kilichokuwa wazi tangu michembe ya Shija. Kilikuwa imani ya mtu anayejua atashushwa. Kinasahofu kilikuwa kimeinasa bila kuulizwa. Na mahali pengine popote duniani, hata kichwani mwa mwenyewe, haikuwapo tena.

*Mwamba Unaanguka* ikatoka Juni. Kumbi zilijaa wiki ya kwanza, na kila aliyeiona alisema lilelile: madoido hayana mfano, mwisho hauna kitu. Limi akaenda kwa Nkamba. Alisimama mlangoni kama mkopaji, akaeleza alichokipata, kwamba ule mwisho ni Shija wa zamani, na kwamba akifungwa utepe huenda kitu kikarudi. Hakuahidi. Nkamba alimsikiliza huku anamenya ndizi, na alipomaliza kumenya zote akasema watakuja Jumamosi mchana.

Walikaa watatu, Shija katikati. Haikuwa rahisi kumfikisha. Ilibidi Nkamba ashike mkono wake tangu kituoni na asiseme wanakwenda wapi. Sinema nzima alikaa ameinama, viganja juu ya masikio, hofu yake ya zamani ikimiminwa juu ya hofu yake mpya. Mara mbili Limi alitaka kusimamisha. Mara mbili Nkamba alimtazama, naye akaacha.

Winchi-anga ikatokea. Kamanda Tunzo akaning'inia kwenye kulabu, jiji likaungua chini yake.

Shija akashusha mikono. Mabega yake yakashuka pia, kama mzigo uliotuliwa na mtu wa nyuma. Akaegemea kiti. Akatazama moto ule wa nuru kwa udadisi, akanyoosha mkono kwenye mfuko wa bisi wa mkewe bila kuomba, na akasema, kwa sauti ambayo Limi hakuwa ameisikia tangu asubuhi ile, "Nkamba, hivi vitu vyako vina chumvi kama umevichota baharini." Nkamba akamwambia asile basi. Shija akala. Akamwambia pia kwamba Kwandu angeipenda hii sehemu, wangemleta wiki ijayo. Wiki ijayo: alilitamka bila kusita. Nkamba alifumba macho, akaegemeza kichwa begani kwake, na hakuitazama sinema tena.

Ukumbi kandokando yao ulikuwa umechoka. Watu walikuwa wanapiga miayo, wanasimama, wanaulizana funguo. Safu ya nyuma vijana walianza kuzomea. "Mwisho gani huu? Si bora tungeangalia mpira." Sajini Magoti akavuta kamba. Kamanda Tunzo akapanda salama, wakakumbatiana, muziki ukapigwa, taa zikawashwa.

Mhudumu alipita kwenye safu akikusanya tepe. Alipoufungua wa Shija, Limi alikuwa anamtazama usoni, na aliona jambo lile likitoka. Halikuchukua muda. Shija aliiangalia bisi mkononi mwake kama kitu alichowekewa na adui, akaiacha ianguke. Mwanamume mrefu mwenye mabega mapana alikuwa anapita kwenye njia. Shija akajikunja nyuma ya kiti, akangoja apite.

Nkamba alimnyanyua, akamfuta mkono kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mume wangu alikuwa hapa sasa hivi," alisema.

"Nimemwona," Limi alisema.

"Inaanza tena saa ngapi?"

"Sasa hivi. Wakishafagia."

"Kakate tiketi."

Limi alikwenda haraka, akishukuru kutumwa. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia mdogo wake akiongea tena nyuma yake, bila kupaza sauti.

"Kata mbili. Wewe baki nje."

Foleni ilikuwa fupi. Waliotoka walikuwa wanapita kando yake, na baba mmoja mwenye watoto wawili alisimama kuwashauri wenye kungoja, kwa nia njema, kama watu wa Mwanza wanavyopenda kushauri. Aliwaambia madoido ni ya ajabu, mwamba utadhani unakuangukia kweli, lakini mwisho ni wa hovyo kabisa, wasipoteze muda kukaa mpaka mwisho. Watu wawili wakaondoka kwenye foleni. Limi akasogea mbele. Mashine ya tiketi ikamkaribisha kwa sauti laini, ikamuuliza watakuwa wangapi.

"Wawili," alisema.